Kusikia vibaya kimo cha kushuka
Ndugu, umeuliza rubani anawezaje kukosea kimo ilhali hukirudia redioni. Tazama ajali ya ndege ya mizigo, safari ya Flying Tiger 66, karibu na Kuala Lumpur, Malaysia, tarehe 19 Februari 1989: mwongoza ndege aliwaelekeza marubani washuke futi 2,400, lakini kwa kuwa tarakimu ya mbili kwa Kiingereza ("two") husikika sawasawa na "to", yaani "hadi", wakaelewa washuke hadi futi 400. Walijibu "nne sifuri sifuri" na hakuna aliyewasahihisha. Boeing 747 ikagonga kilima, wote wanne wakafariki, ingawa mtambo wa tahadhari ya ardhi ulikuwa umeshapiga kelele. Kwa hiyo tamka kimo kwa maelfu na mamia, ukilinganishe na kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa kilichoandikwa kwenye chati (ramani ya urubani), na shaka yoyote ikikuingia, uliza tena kabla ya kushuka.