Picha za wanawake 14 zilivyozama Nile, na kamera niliyonunua baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbarara aliniandikia: "Dada, nimeona kamera mbili za kuingia majini. Moja inazama hadi mita 30, nyingine mita 15, bei zinakaribiana. Si ya 30 ndiyo bora?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta nimejaza ukurasa, kidonda kimetoneshwa upya. Basi jibu naliweka hapa, maana najua hayuko peke yake. Wengi wetu tunatafuta kitu kile kile: kamera ndogo ya kutia mkobani, isiyoogopa mvua, mtumbwi wala watoto, ambayo hata shangazi akipewa ataibonyeza bila kufundishwa.

Mimi pia niliwahi kununua mita.

Ilikuwa Desemba 2022. Kikundi chetu cha akiba hapa Walukuba, Jinja, wanawake 14, kilikuwa kimegawana pesa za mwaka na kikabakisha kidogo cha matembezi. Tukashona fulana za zambarau. Mpango ulikuwa asubuhi mashua hadi chanzo cha Nile, mchana boti la mpira kwenye maji yanayoruka, yale mepesi yanayofaa watu wazima wenye akili zao. Mwenyekiti hakumaliza kuuliza nani atapiga picha, mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa na kamera. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeinunua Kampala, mtumba, laki nne na nusu. Muuzaji aliimiminia maji ya chupa pale pale kaunta, akaipangusa kwa shati, akaiwasha. Ikawaka. Nikatoa pesa bila hata kuomba apunguze, mimi ninayebishana na muuza nyanya kwa shilingi mia mbili!

Utaniuliza, kwa nini si simu? Simu yangu ndiyo benki yangu. Pesa za kikundi zinapita humo, na namba za watu wote zimo humo. Simu nyingi za bei kubwa zina alama ya IP68, ile ya kuvumilia vumbi na maji, lakini kioo chake kikipata matone kinajibonyeza chenyewe, au hakibonyezeki kabisa. Sikuwa tayari kuipeleka mtoni, na hadi leo siko tayari.

Asubuhi ilikuwa tamu, na mwanzo wa mchana pia. Ninazikumbuka picha zile moja moja. Kuna ya mama yetu wa miaka 67 amekaa mbele ya boti, kofia ngumu imemwinamia jichoni, ameshika kasia kama mwiko wa ugali. Kuna ya katibu wetu akipiga ukelele kabla boti halijaondoka. Nilipiga zaidi ya mia mbili, betri ikaisha. Nikachuchumaa ufukweni, mikono inachuruzika maji, mchanga vidoleni, nikafungua mlango wa betri, nikabadilisha, nikafunga. Mlango ulilia "ka", nikaridhika.

Wimbi la kwanza lilitulowesha tu. La pili lilitupiga kichwani. Tulipofika palipotulia nikanyanyua kamera nipige vicheko vyao, kioo kikaonyesha mistari ya buluu, kisha giza. Nikaiinamisha kushoto. Maji yakatembea nyuma ya lenzi, na juu yake kiputo kimoja cha hewa, taratibu, kama kile cha pimamaji ya fundi mwashi. Nikaiinamisha kulia, kiputo kikarudi.

Nilifanya makosa yote yanayofanywa. Niliibonyeza kuiwasha mara kumi, na umeme kwenye maji ndio unaomaliza mchezo. Nikaizika kwenye mchele, ambao haukufanya lolote zaidi ya kuijaza vumbi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaifungua, akanusa, akasema, "Mama, hii imeenda. Nikupe elfu ishirini ya spea?" Kwa hasira nikapokea, nikaondoka.

Sasa hili sijawahi kumwambia mtu. Miezi sita baadaye mtoto wa dada yangu alisahau kadi ya kumbukumbu mfukoni mwa suruali. Ikafuliwa besheni nzima ya sabuni, ikasuuzwa, ikaanikwa. Aliikuta, akaiacha kivulini siku mbili, akaichomeka kwenye kompyuta. Kila kitu kikafunguka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai, nikakaa chini. Kadi hizi hazina kitu kinachozunguka ndani. Maji baridi yasiyo na chumvi mara nyingi hayaziui, mradi zikaushwe vizuri kabla ya kupelekewa umeme. Picha za Nile zilikuwa hai siku ile nilipomwachia fundi kamera na kadi ndani yake. Nilirudi kumtafuta, meza yake nikakuta mtu mwingine anauza vifuniko vya simu.

Kwa hiyo dada wa Mbarara, ukisahau yote, hili usisahau: kamera ikinywa maji, zima, toa betri, toa kadi. Kadi ndiyo mgonjwa wa kuokoa.

Sasa turudi kwenye mita. Ile namba hupimwa kamera ikiwa mpya, kwenye maji yaliyotulia. Haikupimwa kwa wimbi linalokuchapa, wala kwa kuruka nayo kutoka juu ya mashua. Na inategemea zaidi kitu kimoja, mpira mwembamba mweusi unaozunguka mlango wa betri. Mpira huo hukauka na kupasuka kama sandali ya zamani. Watengenezaji wenyewe hushauri ubadilishwe karibu kila mwaka. Unywele mmoja ukilala juu yake, au punje moja ya mchanga wa Nile, mita zote zimefutika. Mita 30 na mita 3 zinakuwa kitu kimoja.

Halafu angalia hizo za mita 30 ni zipi. Nikon Coolpix W300 ilitoka 2017, ni mita 30 kweli, na ilikuwa kamera nzuri. Fujifilm XP140 ya 2019 ni mita 25. Zote mbili hazitengenezwi tena. Utakayoipata ni ya mtumba, na mpira wake una umri wa kamera yenyewe. Na mita 30 utazitumia wapi? Ukizama Ziwa Victoria hata mita tano, mkono wako mwenyewe utauona kwa taabu. Sisi tunataka kamera ya kuanguka majini na kutoka. (Na ukitoka wewe, usisahau habari ya kichocho. Hiyo hakuna mpira unaoizuia.)

Niliponunua ya pili nilichagua Olympus TG-6, ya 2019. Ni mita 15, huvumilia kuanguka kutoka mita 2.1, na lenzi yake ya f/2.0, yaani inayoingiza mwanga mwingi, haihangaiki jioni. Ina megapikseli 12 tu. Muuzaji alinidharau kwa hilo, akanionyesha ya 20, lakini picha ya kutundika ukutani haihitaji zaidi ya 12. Inakuza mara nne, na lenzi haichomozi nje, yote inatembea ndani ya mwili wa kamera. Kilichonishinda moyo ni milango yake: ukishafunga kuna kufuli dogo la pili la kusukuma, na lisiposukumwa unaona alama ya rangi. Iliyoifuata ni TG-7 ya 2023, ambayo inauzwa kwa jina la OM System kwa sababu Olympus waliiuza idara yao ya kamera. Kwa pesa zangu, hiyo mpya haikuwezekana. Wenye pesa, wanunue mpya, wasinisikilize mimi. GoPro pia nilishika. Nzuri kwa kijana anayeruka, lakini inafanya kila mtu aonekane yuko mbali, na wanawake wa Walukuba wanataka sura zao zionekane.

Dukani nilifanya kitu ambacho kilimchekesha kila mtu. Niliomba besheni. Muuzaji akadhani sijasikia bei. Nikamwambia, mwanangu, toa betri na kadi, tia kipande cha karatasi ya chooni kikavu pale pa betri, funga, tuizamishe nusu saa, mimi nakunywa soda hapa. Akasema haijawahi kufanyika. Nikasema basi nami sijawahi kununua. Kabla ya hapo duka jingine lilinikatalia kabisa, nikashukuru, nikatoka, maana nilikuwa nimeshapata jibu. Huyu wa pili akamtuma kijana besheni. Tulipofungua, karatasi ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Nikaitazama pia lenzi kwenye mwanga nione kama kuna ukungu ndani, nikapitisha kucha juu ya mpira kutafuta ufa. Milioni moja na laki mbili, na safari hii nilibishana.

Jamani, tunapenda sana namba. Tunanunua simu kwa namba, televisheni kwa namba, hata shule za watoto tunachagua kwa namba za matokeo, halafu mlango hatuufungui tukauangalia. Fungua mlango! Na ukishanunua, usiufungue ukiwa mtoni. Badilisha betri nyumbani, mikono mikavu. Ukirudi, loweka kamera kwenye maji safi kabla ya kufungua chochote, hasa kama ilipita vumbi letu jekundu. Isikae juani kwenye dashibodi kisha ikatumbukizwa kwenye maji baridi, itapata ukungu ndani. Na ufunge kamba ya kuelea, ile nene yenye sponji, maana TG-6 ina gramu kama 250 na inazama kama jiwe. Nimeshasema fungua mlango? Fungua mlango.

Mwezi uliopita tulikwenda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria. Kabla hatujaondoka mwenyekiti alitangaza mbele ya watu kwamba picha atapiga mwingine. Nilinyamaza, nikatia kamera mkobani. Kwenye feri ya kutoka Bukakata kwenda Luku mvua ilianguka kama imetumwa, simu zote zikaingia ndani ya kaveera, mifuko ya plastiki, na aliyebaki akipiga picha ni mmoja. Mama yetu, sasa ana miaka 70 kasoro, amesimama kwenye ukingo, gomesi, lile gauni letu refu, limemganda mwilini, amefumba macho na kufungua mdomo kuonja mvua. Nyuma yake mwenyekiti anamshika mshipi asianguke.

Mwenyekiti aliikuza picha hiyo, akaitundika sebuleni tunapofanyia mikutano, kando ya cheti cha kikundi. Mimi hukaa upande wa pili ili niione. Na kila mkutano, chini ya picha hiyo hiyo, lazima aniulize zile za Nile ziliishia wapi, watu wacheke. Najua huwa anasoma ninayoandika. Jumapili hii sijui nitakaa kiti gani.