Maswali na majibu: Bastola za mfukoni, triga nzito na risasi zisizo zake

Safari hii nimechukua maswali ya bastola ndogo peke yake, maana ndiyo yaliyojaa. Ya bunduki za kulinda mashamba yatasubiri. Na nyie mnaouliza bei kila siku: sijibu bei. Muulizeni muuzaji mwenye leseni, tena kibali kikiwa mkononi.

Shikamoo mzee. Nafanya biashara ya madini, niko barabarani kati ya Mirerani na Arusha karibu kila wiki. Kibali kimetoka. Nichukue Ruger LCP au Glock 42? Naambiwa Ruger ni nyepesi ila triga yake mbaya. (Sakina, Arusha)

Marahaba. Uliyoambiwa yana ukweli, lakini ni nusu. LCP ilitoka 2008, ni ya risasi za ukubwa wa .380, magazini (kisanduku cha risasi ndani ya mpini) inabeba 6, na ikiwa tupu haifiki gramu 300. Glock 42 ya 2014 ina kaliba ile ile na risasi zile zile 6, ila uzito wake unakaribia gramu 390. Ukiwa umekaa kwenye gari utaona Glock inakusumbua kiunoni. Ukianza kufyatua utaelewa kazi ya hizo gramu za ziada. LCP inaruka, inagonga pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, na mtu akishagongwa mara mbili tatu anaanza kufumba macho kabla ya mlio. Hapo hata bango la futi sita halipati.

Sasa triga. LCP ya kwanza ina safari ndefu: unavuta, unavuta, kidole kinakaribia kugusa nyuma ndipo nyundo inaachia. Si mbaya, ni ndefu, na ilifanywa hivyo makusudi kwa sababu haina kitasa cha usalama pembeni. Tatizo linakuja kwenye kurudi. Usipoiachia triga irudi mpaka mwisho kabisa, risasi ya pili haitoki. Wenye haraka wanasema bastola imekwama, kumbe ni kidole chao. LCP II ya 2016 waliifupisha. Glock yenyewe unavuta kidogo bure, unakuta ukuta, kisha inakatika kwa nguvu ya kama kilo mbili na nusu. Kwa mkono usio na mazoezi mengi, Glock ndiyo itakayolenga vizuri.

Kuhusu kuaminika, zote mbili zinafanya kazi. Ukiuziwa LCP iliyotumika, angalia namba: zile za mwanzo kabisa kiwanda kiliziita zirudi mwaka huo huo wa 2008 kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka. Chagua Glock kama utavaa mkanda na holsta, yaani ala ya bastola. Chagua LCP kama ni ya mfukoni kweli.

Lakini kuna jambo hujaniuliza. Umesema kibali kimetoka, hukusema umefyatua wapi na nani alikufundisha. Mjini hapa kuna watu wana risasi zile zile walizouziwa siku ya kwanza, shaba imeanza kuota ukijani, na bado wananibishania ipi ya kuaminika. Bastola ambayo hujapitisha magazini kadhaa kwenye uwanja wa shabaha, kadiri kibali chako cha risasi kinavyoruhusu, huijui. Na bastola ndogo inadai mazoezi kuliko kubwa, ingawa watu wanainunua kwa kudhani ni kinyume chake.

SIG P365 nasikia zinavunjika pini. Kweli? (Njiro)

Zile za mwanzo za 2018, ndiyo, kulikuwa na malalamiko ya pini ya kupigia na kiwanda kikarekebisha. Za baadaye sina ugomvi nazo. Risasi 10 kwenye umbo lile, na triga nzuri kuliko ndogo nyingi nilizoshika.

Nina Glock 43. Nikipiga mimi haikwami, akipiga mke wangu inakwama kila mara, ganda la risasi linasimama kwenye dirisha lake la kutokea. Fundi anasema tubadilishe springi. Tubadilishe? (Moshi)

Springi ina kosa gani hapo? Ingekuwa mbovu ingekukwamia na wewe.

Bastola ndogo ina slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila mlio) nyepesi, springi ngumu na safari fupi. Slaidi inahitaji kitu kigumu cha kuegemea inaporudi nyuma, na kitu hicho ni mkono wako. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, nguvu inaishia njiani, ganda halijamaliza kutoka na slaidi tayari inarudi mbele. Ndiyo hilo unaloliona limesimama wima kama bomba la jiko. Mama ashike juu kabisa ya mpini, kiganja kisiache nafasi nyuma, mkono wa pili uzibe upande uliobaki, kifundo kikaze. Ajaribu risasi moja moja kwanza. Na usisimame nyuma yake ukimsahihisha kila mlio, mtaalamu wewe.

Likiendelea hata akishika vizuri, zitie magazini alama ya rangi, moja nyekundu, nyingine nyeupe, uone ni ipi inayokwama. Kwenye bastola ndogo magazini ndiyo mkorofi wa kwanza, hasa kama mdomo wake umepinda au ndani mmejaa vumbi.

Halafu niambie: mama ana leseni yake? Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Kama jina lake halipo, maliza hilo polisi kwanza ndipo tuzungumze springi.

Risasi za 9mm si zote ni moja? (Ngaramtoni)

Hapana! Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Kuna 9×17, ambayo ndiyo .380 na wengine huiita 9mm fupi. Kuna 9×18 ya Makarov. Kuna 9×19, Parabellum, ya Glock 43 na P365. Makarov si ndefu kidogo tu, hata unene wa kichwa chake ni tofauti, milimita 9.27. Soma maandishi kwenye kitako cha ganda, soma na maandishi kwenye mtutu. Yasipolingana, risasi haiingii chemba, pale inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hata kama rafiki yako aliyekupa ni mstaafu wa jeshi. Na hilo la kupewa risasi na rafiki nalo ni kosa, kwa taarifa yako.

Nina rivolva ya Smith & Wesson 642. Triga ni nzito mno, kidole kinatetemeka. Kuna fundi Kijenge anasema ataipunguza kwa tupa. (Arusha)

Mwambie akanoe visu.

Rivolva hiyo ina risasi 5, nyundo imefichwa ndani, haina kitasa cha usalama. Uzito wa triga, kilo tano na kuzidi, ndiyo usalama wenyewe. Ukikata springi unapata mabaya mawili kwa bei ya moja: triga inayoweza kuachia bila wewe kutaka, na nyundo isiyo na nguvu ya kupasua fataki ya kwenye kitako, ile inayowasha baruti. Utakuwa na rivolva inayolia usipoitaka na inayonyamaza ukiihitaji. Na silaha haifanyiwi kazi na fundi wa mageti. Ina mafundi wake wenye leseni.

Dawa ni kidole. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, hakikisha tena matundu yote matano ni meupe. Elekeza kwenye ukuta mnene usio na mtu nyuma yake. Vuta triga taratibu bila kusimama katikati, jicho kwenye ncha ya mbele, mpaka nyundo ipige bila ncha kucheza. Dakika chache kila jioni. Ukimaliza, umemaliza: watu wengi waliotoboa kabati zao walikuwa wamesharudisha risasi, kisha wakasema wavute mara ya mwisho.

Naweza kuiweka mfukoni na funguo? (Usa River)

Hapana. Wala na sarafu, wala simu. Mfuko huo ni wa bastola peke yake, tena ndani ya holsta ya mfukoni inayofunika triga.

Mimi ni mama wa duka, Majengo Moshi. Nina Walther PPK ya .380. Slaidi siwezi kuivuta, na triga mara ya kwanza nzito, mara ya pili nyepesi mno. Je, ni mbovu? (Moshi)

Dada, si mbovu. PPK ni muundo wa 1931, na mtutu wake haujifungi na slaidi. Kinachozuia slaidi kufunguka mapema ni uzito wake na springi, ndiyo maana springi ni ngumu hivyo. Usiivute kwa vidole viwili. Ilete bastola karibu na kifua, mdomo ukiwa upande salama, funika slaidi kwa vidole vinne vya mkono wa kushoto, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia. Nguvu itoke mabegani.

Triga nayo iko hivyo kiwandani. Risasi ya kwanza triga inafanya kazi ya kukoki nyundo na kuiachia, inakuwa ndefu na nzito. Zinazofuata slaidi imeshakoki, inabaki nyepesi. Kwa hiyo una triga mbili za kujifunza, na ndiyo sababu risasi yako ya kwanza huenda chini na ya pili inakushtua. Na usisahau kuishusha nyundo kwa kitasa chake kabla ya kuiweka.

Ukipata nafasi ya kubadilisha kihalali, ulizia Shield EZ ya .380, ya 2018. Slaidi yake ilitengenezwa kwa ajili ya mikono inayoshindwa hizi nyingine. Si ya mfukoni, lakini wewe uko dukani. Bora zaidi ya zote ni mlango imara, taa nje, na kutokaa na mauzo ya siku nzima kwenye droo.

.22 je, kwa kuwa risasi zake nafuu? (Sanawari)

Ya kujifunzia, sawa. Ya kutegemea, hapana: fataki yake imepakwa kwenye ukingo wa ganda, na zinazogoma ni nyingi kuliko za kaliba nyingine.

Baba amefariki, tumekuta Browning ndogo ya 6.35 kwenye sanduku, Kibosho. Ina kutu kidogo. Nitumie nini kuisafisha? (Kibosho)

Poleni na msiba. Usiisafishe, usiikoki, usiijaribu shambani. Bastola za rika hilo zina risasi iliyosahaulika kwenye chemba mara nyingi kuliko unavyodhani, na nyingi hazivumilii kuanguka. Toeni watoto chumbani, fungeni mlango, nendeni kituo cha polisi na leseni ya marehemu kama ipo, muwaeleze ilipo. Wao ndio watakaosema inafikaje kituoni. Leseni ya baba hairithiwi pamoja na migomba. Anayetaka kubaki nayo katika familia ataomba kwa jina lake, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na anaweza kukataliwa. Kukaa nayo kimya mpaka Desemba ndugu wote wapande mlimani ndipo mjadili, huko ni kumiliki silaha bila leseni, na mahakamani hawataki habari za kikao cha ukoo.

Mafuta ya cherehani yanafaa? (Boma Ng'ombe)

Yanafaa, tone kwenye reli za slaidi, kisha futa mpaka kidole kisiteleze. Vumbi la huko kwenu likikutana na mafuta mengi linageuka tope. Magazini ndani iache kavu. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda asubuhi za Julai.