Usiongeze maji tena kwenye hiyo Toyota Noah kabla hujajua yanakwenda wapi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza oili ibadilishwe lini, giaboksi iwekwe oili gani, mlango wa umeme unaokwama nusu ufanyweje, na matairi yapi yanafaa. Halafu katikati, kwa kupitia tu, umesema unaongeza maji kwenye rejeta "kama lita moja kwa wiki, fundi kasema Noah ndivyo zilivyo, joto la pwani." Na mwisho wa mwezi unataka kupandisha familia Lushoto.

Mlango unaweza kungoja. Matairi yanaweza kungoja. Hilo la maji halingoji hata Ijumaa. Nimesoma sentensi yako mara tatu, na kila nikiisoma naisikia sauti ya fundi wangu, maneno yale yale, kana kwamba wamefundishwa darasa moja.

Hakuna injini inayokunywa maji. Injini si ngamia, hata kama gereji iko Ngamiani, hapa Tanga. Maji yako yamefungiwa ndani: yanatoka kwenye injini na joto, yanapita kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Mfuniko wa rejeta unayabana kwa shinikizo, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Jua la Tanga, hata la mwezi wa pili, haliwezi kukuibia lita moja kwa wiki humo ndani. Yakipungua, ama yanavuja nje ama yanaingia ndani ya injini, basi.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Yangu ilikuwa Noah ya 2003, injini 1AZ-FSE, hiyo hiyo ya D-4 (petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda) unayosema unayo. Ilianza kupungua maji mwezi wa tatu, 2019. Kidogo kidogo, nusu lita, kisha lita. Nikaenda kwa fundi wangu, mtu niliyemwamini miaka sita. Hakuinama kuangalia chini. Hakufungua mfuniko. Aliniambia akiwa amekaa kwenye tairi, anakula mhogo: "Noah zote za pwani zinakunywa maji, mzee. Weka chupa ndani ya gari." Nikaweka chupa. Kwa miezi tisa nikawa mtu wa kubeba chupa, na chupa zenyewe nilijaza kisimani nyumbani Makorora. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu. Hedi (kichwa cha juu cha injini) na bloku (mwili wake wa chini) ya injini hii vyote ni aluminiamu. Kwa hiyo sikuwa naongeza maji tu, nilikuwa nailisha injini sumu kila Jumamosi kwa mkono wangu, na nafsi imetulia kwamba natunza gari.

Mwezi wa tisa mshale wa joto ukaanza kupanda kwenye foleni. Nikarudi kwake. Safari hii alifungua kitu: akatoa themostati, akaniwekea mkononi imeviringishwa kwenye kitambaa. "Hiki ni kifaa cha nchi za baridi. Sisi huku hatukihitaji." Nikamlipa 30,000 na kumshukuru.

Ndugu yangu, hilo neno la "nchi za baridi" limeua injini nyingi kuliko ajali. Themostati ya injini hii ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi inazuia maji yasipite kwenye rejeta. Ikishapata moto, inafungua njia ya rejeta na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji inazunguka tu na moto wake, haifiki kwenye rejeta kabisa. Barabara tambarare huoni kitu, upepo unasaidia. Mlimani ndipo utakapojua.

Desemba tukawa na harusi Lushoto, ya mdogo wa mke wangu. Tulikuwa wanane ndani, viti vyote vimejaa, mizigo nyuma, shangazi yao mbele na sufuria ya maandazi mapajani. Kutoka Tanga hadi Mombo gari lilikwenda kama bibi harusi mwenyewe, mshale katikati. Tukaanza kupanda. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona na mlima, gia ndogo muda wote, mwendo mdogo, upepo hakuna. Kabla ya Soni mshale ukapanda hadi karibu na wekundu. Nikazima kiyoyozi. Nikasema nifike pale mbele penye nafasi nisimame.

Halafu mshale ukashuka.

Hapo ndipo nataka uweke akili yako yote. Ulishuka wenyewe, taratibu, hadi chini kabisa. Shangazi akasema Alhamdulillah. Na mimi nikasema Alhamdulillah, nikakanyaga mafuta. Mshale haukushuka kwa sababu injini imepoa. Ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Kile kipimo kinasoma maji. Yasipokigusa, kinasoma hewa, na kinakudanganya. Nilikwenda kama kilomita mbili na injini kavu. Likaanza kukosa nguvu, likagonga, likatoa harufu ya plastiki inayoungua, likazimika kwenye kona.

Nikafungua boneti. Paipu ya juu ya rejeta niliibonyeza, ikabonyea kama mfuko mtupu. Kisha nikafanya kosa ambalo mpaka leo mke wangu hanitajii mbele ya watu: nikachukua ile chupa yangu na kumimina maji baridi kwenye injini yenye moto ule. Ilipiga mluzi, ikarusha mvuke, na ndani nikasikia "tak", mlio mdogo tu, kama kikombe cha udongo kikipasuka. Ilikuwa hedi.

Harusi tulifika kwa gari la watu, usiku. Noah ilishushwa kwa bredauni hadi Tanga, 300,000.

Fundi yule yule, badala ya kuniangalia usoni, akasema ni gasketi ya hedi tu, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Akabadilisha, 480,000 pamoja na hedi nyingine ya mtumba, maana yangu ilikuwa na ufa. Wiki mbili, maji yakaanza kupungua tena. Akafungua tena, akaweka gasketi nyingine, 350,000, na kunilaumu mimi kwamba naendesha kwa fujo. Siku tisa, yakapungua tena.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja Pongwe ambaye ningemjua mapema leo ningekuwa na paa jipya. Hakuuliza bei wala historia. Alifungua sehemu ya juu ya hedi, akashika bolti ya safu ya nyuma, ile inayotazamana na ukuta wa kabini, mahali ambapo kwenye Noah hata kuingiza mkono ni shida. Akaizungusha kwa vidole viwili. Kwa vidole, ndugu yangu, bolti ya hedi! Ikatoka na meno ya bloku yamejisokota juu yake, nyuzi nyembamba za aluminiamu zinang'aa, kama zile za kusugulia sufuria. Akaniwekea kiganjani. "Hapa utabadilisha gasketi mpaka uzeeke," akasema. "Bolti haina pa kushika."

Huu ni ugonjwa unaojulikana wa injini za familia ya AZ za miaka hiyo, 1AZ na 2AZ. Meno ya bolti za hedi kwenye bloku, hasa za nyuma, yanalika, na kila mara injini inapochemsha ndivyo yanavyozidi kulegea. Hedi inanyanyuka kidogo upande wa nyuma, maji yanapita. Anayejua anatoboa upya na kuvisha meno ya chuma, kisha anakaza kwa spana ya kupimia nguvu. Yangu ilikuwa imechelewa, bloku ilishapinda. Nikanunua injini ya mtumba Dar, 2,900,000, na kufungiwa 350,000.

Jumlisha mwenyewe: 4,380,000, bila kuhesabu ile 30,000 niliyolipa ili niharibiwe. Na unajua chanzo kilikuwa nini? Mzee wa Pongwe alinionyesha wota pampu ya zamani, ile inayosukuma maji yazunguke. Chini yake pana kitundu kidogo, kimewekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo uyaone. Pembeni ya kile kitundu palikuwa na ukoko wa chumvi, mweupe, mnene kama ukucha. Miezi tisa pampu ilikuwa inapiga kelele kwa njia yake na hakuna aliyeinama kuitazama. Pampu mpya na ufundi ilikuwa 135,000.

Namlaumu yule fundi, sitaficha. Kutojua si dhambi, kila mtu ana mipaka ya elimu yake. Dhambi ni kumwambia mtu "kawaida" ili usiinuke kwenye tairi. Ukisikia fundi anasema hitilafu ni kawaida ya aina ya gari, ondoka na gari lako likiwa bado linatembea.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha, injini ikiwa baridi kabisa, fanya hivi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Fungua, maji yawe yamefika shingoni. Yakiwa chini, andika yamepungua kiasi gani na umekwenda kilomita ngapi. Bonyeza paipu ya juu: kama asubuhi, gari limelala, bado ni ngumu imejaa, gesi ya moshi inaingia kwenye maji, hiyo ni gasketi. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, tazama dakika chache za mwanzo: vipovu visivyokoma ni habari ile ile. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta ute kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Kisha chukua tochi, utazame upande wa wota pampu, na upitishe tochi nyuma ya injini pale inapokutana hedi na bloku. Tafuta ukoko mweupe au wa waridi. Maji yakikauka yanaacha alama.

Na usisahau sakafuni. Noah nyingi zina hita ya nyuma, na maji yake yanapita kwenye mabomba ya chuma chini ya gari hadi nyuma. Huku kwetu na hewa hii ya chumvi mabomba hayo yanaoza kimya kimya. Jirani yangu alihangaika na rejeta mwezi mzima, kumbe tundu liko chini ya kiti cha abiria wa kati. Kama zulia la mbele nalo lina unyevu na harufu tamutamu, tazama hita ya mbele.

Ukishindwa kuona, tafuta gereji yenye pampu ya mkono ya kupima shinikizo. Inafungwa mahali pa mfuniko, inapigwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe, mnangoja. Kama linavuja, litalia. Ipo pia dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi kwenye rejeta. Vipimo hivi viwili havifiki bei ya gasketi, na mtu asiyekuwa navyo asikufungulie hedi.

Tundu likishazibwa, mwaga maji yote, safisha, weka kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) ya gari za Japani iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Themostati irudi mahali pake, mpya. Mfuniko mpya pia. Feni zote mbili zizunguke ukiwasha kiyoyozi. Usikubali mtu akushawishi unga wa kuziba rejeta, utaziba hadi njia za hita.

Oili ya injini mimi nabadilisha kila kilomita 5,000 na filta yake. Giaboksi soma kijiti chake kabla hujanunua chochote: baada ya mabadiliko ya 2004 Noah hizi zilianza kuja na CVT (giaboksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua), na ukiweka oili ya giaboksi ya kawaida kwenye CVT utarudi hapa na uzi mwingine wa majonzi.

Lushoto ahirisha, au wapandishe basi pale stendi ya Kange. Kesho ukishafungua rejeta piga picha ya wota pampu na ya nyuma ya injini, weka hapa, na useme maji yalikuwa wapi. Nitakuwa naangalia tangu alfajiri.