Mshipa, ukano au ligamenti?

SWALI: Mwalimu, ninasomea radiografia hapa Kisumu. Mwendesha bodaboda wa Kondele alianguka akatua kwa kiganja, akapigwa picha ya MRI. Niliambiwa nimfafanulie majibu, yaliyotaja ligamenti ya skafolunati, nikamwambia mshipa wa kifundo cha mkono umekatika. Akauliza: "Na damu imeenda wapi?" Ningesemaje?

JIBU: Swali lake lilikuwa la haki. Mshipa ni wa damu kwanza, kisha wa fahamu, na kule Pwani mwanamume akisema ana mshipa, yaani ngiri, usimdadisi mbele ya watu.

Lililokatika ni ukano, wingi wake kano: ule uzi mweupe wa nyama ya mguu wa ng'ombe unaoshinda meno. Taabu ni kwamba neno hilo tumelibebesha kazi mbili, kufunga msuli kwenye mfupa na kufunga mfupa kwa mfupa. Pale kifundoni vyote viwili vimepakana, kwa hiyo kwenye ripoti mimi huuachia msuli ukano, na mfupa kwa mfupa naandika ligamenti. Kwa mgonjwa inatosha kusema "ukano unaoshikanisha mifupa".

Jina skafolunati nalo lisikutishe. Kifundo kina mifupa midogo 8, na miwili kati yake ni skafoidi na lunati. Skafoidi imetoka kwa neno la Kigiriki la mashua. Lunati ni Kilatini, mwezi, maana ukiutazama kwa ubavu ni mwezi mwandamo kabisa. Basi hiyo ligamenti ni kamba iliyofunga mashua kwa mwezi. Mwambie hivyo, hatasahau.

Sasa kitenzi chako, "umekatika", ambacho ndicho kilichonikera zaidi. Ligamenti nzima huonekana kwenye MRI kama mstari mwembamba mweusi, na maji ya kiungo hung'aa meupe kwenye T2, aina mojawapo ya picha za MRI. Mstari ukitoweka, maji yakapenya toka upande hadi upande, imekatika. Ikibaki sehemu, imechanika, kama shati. Taja pia upande: skafolunati imepinda mfano wa herufi C, na sehemu ya mgongo wa mkono ndiyo imara kuliko zote, kwa hiyo "imechanika" peke yake ni nusu ya jibu. Kuteguka ni kwa kiungo, si kwa kamba yake.

Kiwiko usikitumie. Kamusi za zamani zinakiweka hapo kifundoni, lakini mtoto yeyote wa shule Kisumu atakuonyesha kisugudi. Kilimbili, jina jingine la kifundo cha mkono, ni sahihi, ila huyo wa Kondele atakuuliza tena.