Maswali na Majibu: Maji Moto ya Amboni Kwanza, Chai ya Saa Nne Baadaye

Tangu nigusie chemchemi za maji moto za Amboni katika safu hii, barua zimemiminika. Wengi mnataka kuja Tanga kwa siku mbili, mwoge maji ya salfa, mle vizuri, mrudi makwenu. Ni mpango mzuri. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi, na yale yanayojirudia nimeyaunganisha.

Tunatoka Dar Ijumaa, tuko wanne. Tunywe chai hotelini Jumamosi asubuhi halafu twende maji moto, au twende kwanza? — Msomaji, Tabata

Nendeni kwanza. Hili nimelisema na nitaendelea kulisema, kwa sababu kila msimu wa likizo watu hushiba chapati na supu, hupanda gari, hujitumbukiza kwenye maji moto, kisha hushangaa wakiona kizunguzungu.

Ukila chakula kizito, damu nyingi huelekea tumboni kusaga kile ulichokula. Ukiingia kwenye maji moto, mishipa ya ngozini hupanuka na damu hukimbilia huko. Vyote viwili kwa pamoja hushusha presha, na mtu akisimama ghafla macho hufifia na magoti hulegea. Sasa fikiria hilo likutokee juu ya jiwe lenye utelezi.

Lakini sikuambii uende na njaa kavu. Ndizi mbivu moja na kikombe cha chai vinatosha, na maji ya kunywa ya kutosha mbebe wenyewe. Ondokeni mjini saa 12:30 asubuhi. Amboni iko kaskazini ya mji, kama kilomita 8 kwa barabara ya Horohoro, kwa hiyo mtafika mapema, kabla jua la Tanga halijaanza kuchoma. Joto la pwani na unyevu wake ukijumlisha na maji moto saa sita mchana, hiyo si starehe tena.

Ukifika, jaribu maji kwa mkono kabla ya mguu. Kaa ndani dakika 10, si zaidi ya 15, toka, pumzika kivulini, kunywa maji. Ukitaka kurudi ndani, rudi. Kisha jifute, vaa, mwende mjini mkale.

Na hapo kwenye kula kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi. Chakula kizuri cha asubuhi cha Tanga hakimsubiri mtu. Ingia Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba, uwatafute akina mama wenye mbaazi za nazi na maandazi, vitumbua vya moto, chapati za kusukuma, maharage ya nazi. Mbaazi zilizopikwa vizuri hulala kwenye tui zito, na ukichovya andazi la iliki humo hutahitaji kitu kingine chochote. Saa tatu na nusu mpaka saa nne bado utapata. Saa tano utakuta sufuria zinaoshwa na mama anahesabu hela zake. Supu ya pweza ni ya jioni, usimsumbue mtu nayo asubuhi. Mtindi upo karibu kila pahali, maana mkoa huu unajulikana kwa maziwa, na baada ya kutoka jasho jingi glasi moja ya mtindi baridi hufaa kuliko soda tatu.

Hoteli gani ina bufee nzuri ya asubuhi inayoendelea mpaka mchana? — Msomaji, Arusha

Sitakutajia. Soseji na kornifleksi unazo Arusha. Tanga njoo ule cha Tanga, na hela yako imfikie mama aliyeamka saa tisa usiku kukuna nazi.

Ni kweli maji ya Amboni yanatibu kisukari, presha na ugumba? — wasomaji kadhaa

Hapana, hapana na hapana. Swali hili limekuja kwa namna nyingi na nitalijibu mara hii kwa urefu ili lisirudi.

Maji ya mvua huzama ardhini kupitia nyufa za miamba. Kadiri unavyoshuka, ardhi huwa na joto zaidi, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja. Maji yakipata njia ya kurudi juu upesi, hutoka yakiwa bado ya moto na yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka njiani. Hapa kwetu yamebeba salfa, ndiyo maana ukikaribia unasikia harufu ya yai viza. Hakuna siri nyingine ndani yake.

Faida zipo, na sitaki kuzidharau. Joto hulegeza misuli na hupunguza maumivu ya viungo kwa muda. Salfa hutumika hata katika dawa za kupaka za upele. Mzee mwenye magoti yanayokaza akitoka pale hutembea vizuri siku hiyo, na ni haki yake kufurahi. Lakini kutoka hapo mpaka kumwambia mtu aache vidonge vya presha ni kumchimbia kaburi. Wapo wanaosimama kando ya chemchemi zetu wakiuza maji kwenye chupa kwa maneno hayo. Msinunue, na msinywe. Hayo ni ya kuoga.

Wenye kisukari nawaongezea. Kama miguu yako ina ganzi, hutahisi maji yanapokuunguza, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni jambo zito. Kama unachoma insulini, ujue kwamba joto huifanya iingie mwilini haraka zaidi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Kwa hiyo ile ndizi ya asubuhi kwako ni lazima, beba na kitu kitamu mfukoni, na usiingie majini peke yako. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kabla ya kukata tiketi ya basi.

Mke wangu ana mimba ya miezi miwili na anatamani sana kwenda. — Msomaji, Korogwe

Asiingie. Kupandisha joto la mwili katika miezi mitatu ya mwanzo kunaweza kumdhuru mtoto. Kaka, mpeleke Raskazone akapate upepo wa bahari, na mbaazi ale mpaka achoke.

Watoto wangu wa miaka mitano na minane wataruhusiwa kuogelea? — Mama, Morogoro

Dada, umeuliza kama wataruhusiwa. Ungeuliza kama inafaa. Mtoto mdogo hupata joto mwilini upesi kuliko mtu mzima na hajui kusema kwamba anajisikia vibaya mpaka awe ameshalegea. Waache watie miguu, dakika chache, ukiwa umewashika.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika maji baridi yasiyo ya chumvi pana vimelea wengi, lakini kwenye maji ya uvuguvugu na ya moto ya asili huweza kuishi kimelea aina ya amiba kiitwacho Naegleria fowleri. Ukiyameza hayakudhuru kwa kimelea hicho, lakini yakipanda puani kwa nguvu kimelea hicho kinaweza kufika kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni ugonjwa wa nadra sana, sitaki kumtia mtu hofu. Ila kanuni yake ni rahisi: kichwa kibaki juu ya maji. Hakuna kupiga mbizi, hakuna kuruka, hakuna kurushiana maji usoni. Hili linahusu na watu wazima wanaotaka kupiga picha wakiibuka majini.

Nivae nini? Na je, naweza kwenda na bikini? — Msomaji, Nairobi

Vaa nguo nyepesi inayokusitiri, khanga mbili na fulana vinatosha. Pale si pwani ya hoteli. Kuna wanakijiji wanapita, kuna wazee, na huu ni mji wa watu wanaojali stara. Usije ukitegemea chumba cha kubadilishia nguo, kwa hiyo khanga ya tatu iliyo kavu ndiyo chumba chako. Viatu vya mpira miguuni. Pete na mkufu wa fedha viache nyumbani, salfa huvigeuza vyeusi. Na tafadhali, simu zenu. Nimeona picha za akina mama wanaooga zikisambazwa na watu wasiowajua. Huo ni unyanyasaji na ni vizuri watu waukemee papo hapo.

Tunaweza kuunganisha na Mapango ya Amboni asubuhi hiyo hiyo? — Msomaji, Mombasa

Mnaweza, lakini mngeyaweka baada ya chai, au Jumapili. Ukitoka kwenye maji moto miguu imelegea, na mle ndani kuna giza, kuna pa kuinama na kuna pa kupanda. Mapango ni ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, yapo kumi, na wageni huingizwa katika moja tu, wakiwa na mwongoza watalii. Msijifanye wajuzi mkaingia wenyewe. Na kuna pahali mle ndani watu huja kufanya matambiko mpaka leo. Mtakuta vitu vimewekwa. Msiviguse, msicheke.

Shikamoo. Naenda Budapest, Hungaria, kwa mkutano na nitabaki Jumamosi na Jumapili. Nimesikia wana mabafu ya maji moto na watu hula humo humo. Wewe wasemaje? — Msomaji, Chumbageni

Marahaba mwanangu. Nenda, na uangalie kwa makini, kwa sababu kuna la kujifunza.

Mji ule umejengwa juu ya chemchemi. Bafu kubwa la Széchenyi lilifunguliwa mwaka 1913 katikati ya bustani ya mji, na maji yake huvutwa kutoka kisima chenye kina cha zaidi ya mita 1,200, yakitoka na joto la zaidi ya nyuzi 70. Hupozwa kabla ya kuingia kwenye mabwawa. Unaona, ni kanuni ile ile niliyoeleza juu kuhusu Amboni. Tofauti ni kwamba wenzetu wameyatunza: wanapima maji, wana walinzi, wana vyoo, na mji unapata mapato. Bafu la Rudas ni la zamani zaidi, lilijengwa na Waturuki katika karne ya 16, lina bwawa la pembe nane chini ya kuba, na mabwawa madogo ya joto tofauti mpaka nyuzi 42. Kama wewe ni mwanamke unayejali stara, uliza siku yao ya wanawake peke yao; kwa kawaida ni Jumanne, kwa hiyo huenda ukalazimika kuiba saa moja ya mkutano. Beba kandambili na taulo lako, na kofia ya kuogelea kwa bwawa la kuogelea.

Utaratibu wangu haubadiliki ukivuka bahari. Ingia asubuhi mapema watu wakiwa wachache, oga, toka, kisha ukale nje. Wana kitu kinaitwa lángos, unga wa chachu uliokaangwa kwenye mafuta, unapakwa krimu chachu na jibini. Mtu aliyekulia kwenye maandazi atauelewa mara moja. Uliza nyama kabla ya kuagiza, maana nguruwe yumo katika soseji zao nyingi.

Ukirudi, uwaambie ndugu zetu wa halmashauri ulichokiona. Galanos, Mgiriki wa mashamba ya mkonge ambaye chemchemi zetu zimebeba jina lake, hakuwa na elimu ya ajabu kuliko sisi. Maji tunayo, mji una reli, una bandari, una chakula ambacho watu wangesafiri kuja kukila. Vyoo safi, pahali pa kubadili nguo na ubao wenye maelezo ya usalama si mambo ya kusubiri mfadhili.

Nikija Ramadhani je? Na kuoga maji moto kunafunguza? — Msomaji, Lushoto

La pili muulize sheikh wako. La kwanza: usije asubuhi, utatoka jasho mchana kutwa bila kunywa kitu. Nenda baada ya alasiri, kaa muda mfupi sana, urudi mjini upate futari. Kwa chakula, huo ndio mwezi Tanga hujipamba.

Naweza kuoga kwa sabuni? — Msomaji, hakutaja anakotoka

Hapana. Wala usifue, wala usiache chupa, wala pakiti ya shampuu. Maji yanayopita kwako yanaendelea kwa mwingine.

Usafiri ukoje kwa asiye na gari? — wasomaji wengi

Daladala za Amboni zipo, zitawashusha barabarani, mbele ni bodaboda au miguu. Kwa mpango wa asubuhi niliousema, chukueni bajaji mjini, watu watatu watatu, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda. Mlipeni nusu kwanza na nusu mkirudi. Chukueni namba yake ya simu. Bebeni noti ndogo ndogo, maana mama wa mbaazi hana chenji ya elfu kumi saa tatu asubuhi, na msimfanye aache wateja wake kuzunguka barabara nzima kuitafuta. Dereva naye mnunulieni chai. Amewasubiri tangu alfajiri.