Sinema na Wasomaji: Kijana aliyeambiwa "nipigie ofisini"

SWALI: Dada wa sinema, habari za kazi. Mwanangu yuko likizo kutoka chuo. Jumamosi alinikalisha mbele ya runinga akaniwekea filamu ya zamani ya Marekani, The King of Comedy, akaniambia, "Mama, hii ni vichekesho." Nimeitazama mpaka mwisho, sikucheka hata mara moja. Yeye anaangua kicheko, mimi nimeshikilia kiti. Mtu anavamia ofisi za watu, anamteka mtangazaji, halafu mwisho anatoka jela na kuwa staa! Tumebishana mpaka saa sita usiku. Mimi nasema mwisho ule ni ndoto zake tu, kama zile nyingine. Mwanangu anasema ni kweli kabisa, dunia ndivyo ilivyo. Nani yuko sahihi? Na kitu kama kile wanakiitaje vichekesho? — Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Kesi yenu nitaiamua, ila kwanza niwape kisa wale ambao hawajaiona.

Filamu ni ya Martin Scorsese, ilipigwa picha New York mwaka 1981 na ikaingia kumbi za Marekani mwanzoni mwa 1983. Rupert Pupkin, anayeigizwa na Robert De Niro, ni mtu mzima ambaye bado anaishi kwa mama yake. Ndani ya nyumba hiyo amejitengenezea jukwaa la kipindi cha televisheni: viti vimepangwa, na kando yake kuna picha za kadibodi zenye kimo cha mtu, moja ya Liza Minnelli, nyingine ya Jerry Langford, mtangazaji wa kipindi kikubwa cha usiku. Rupert anaketi katikati yao, anapiga soga, anacheka na kadibodi. Mama yake anamfokea kutoka chumba kingine apunguze sauti. Mama huyo hatumwoni kamwe, tunamsikia tu, na sauti hiyo ni ya Catherine Scorsese, mama mzazi wa mwongozaji mwenyewe.

Usiku mmoja Rupert anamsaidia Jerry kupenya kundi la mashabiki, kisha anajipenyeza naye ndani ya gari. Njia nzima anajinadi kuwa ni mchekeshaji na anachohitaji ni nafasi moja tu. Jerry, ambaye anaigizwa na Jerry Lewis kwa uso uliochoka kabisa, anataka kwenda kulala, kwa hiyo anamwambia ampigie simu ofisini. Mama, mambo yote yanayofuata yametoka kwenye sentensi hiyo.

Hapo ndipo filamu hii iliponishika mimi, nami nieleze kwa nini. Kabla sijaanza kuandika, nilikaa mapokezi ya kituo cha redio kwa miaka minne. Kuna kijana alikuwa akija kila Jumatatu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, mkononi ana CD ndani ya mfuko wa nailoni aliouzungushia mpira wa kufungia noti. Siku ya kwanza niliandika jina lake vibaya kwenye kitabu cha wageni. Akaomba kalamu, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaliandika upya kwa herufi kubwa. Nami nikamwambia maneno niliyofundishwa siku naanza kazi: "Iache hapa, tutakupigia." CD zote zilizoachwa mapokezi zilikuwa zinaingia droo ya chini. Hakuna aliyezisikiliza, na mimi nilijua. Alikuja Jumatatu kumi na moja. Ya kumi na mbili sikumwona, nikafungua droo nikazihesabu, kila moja imeandikwa namba ileile ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Kumwambia kijana yule "hapana" kungenichukua dakika moja, na sikumwambia.

Sasa rudi kwenye filamu, utazame upya zile sehemu za mapokezi. Rupert anaketi kwa adabu na anamuuliza dada wa pale habari za dari. Jina lake linakosewa na karibu kila mtu, naye analisahihisha bila kukasirika, amezoea. Msaidizi wa Jerry anatoka na tabasamu, anamwambia alete kaseti. Anaileta. Anaambiwa bado hajaiva, akafanye mazoezi kwenye klabu ndogo. Lile ndilo jibu la kweli pekee analopewa ofisini pale, na limechelewa, maana kichwani mwake yeye na Jerry wameshakuwa marafiki. Kisha walinzi wanamtoa nje.

Halafu anafanya lile jambo ambalo nadhani ndilo lililokufanya ushike kiti: anamchukua Rita, mwanamke ambaye Rupert amempenda tangu shuleni, na kwenda naye nyumbani kwa Jerry shamba bila mwaliko, na masanduku juu. Jerry anarudi kutoka kwenye gofu, anawakuta sebuleni. Rupert anasema Jerry ndiye alimwambia apige simu. Jerry anamjibu wazi kwamba alimwambia vile ili amwondokee. Rita ameshaelewa zamani, anataka waondoke, uso umemshuka kwa aibu. Rupert bado anatafuta namna ya kubaki. Mimi sehemu ile huitazama nikiwa nimesimama, siwezi kukaa.

Umeuliza wanaitaje kitu hiki vichekesho. Kuna mahali pa kucheka kweli, mama, ila kicheko chake kinakwama kooni. Rupert anaungana na Masha, shabiki mwingine wa Jerry (Sandra Bernhard, na nusu ya filamu ni yake kwa maoni yangu), wanamteka Jerry kwa bastola ya bandia. Jerry analazimishwa kupiga simu ofisini kwake ili Rupert apewe nafasi kwenye kipindi, maneno ya kusema yameandikwa kwenye kadi ambazo Rupert anamshikia, na kadi zenyewe zinamchanganya huyo anayezishika. Ofisini wanadhani ni mtu anayeiga sauti ya bosi wao. Mtu mashuhuri kuliko wote mjini anasema mimi ndiye, na hakuna anayemwamini! Hapo mwanao alikuwa na haki ya kucheka.

Wamarekani wenyewe hawakuicheka sana. Iligharimu dola milioni 19 hivi na huko kwao ikaingiza kama milioni 2.5 tu. Kumbuka walikuwa wametoka wapi. Desemba 8, 1980, John Lennon aliuawa mlangoni kwake New York na mtu ambaye mchana wa siku hiyohiyo alikuwa amepata saini yake. Machi 30, 1981, Rais Reagan alipigwa risasi na kijana aliyetaka kumvutia mwigizaji Jodie Foster, na aliyekuwa amejaa kichwani filamu nyingine ya Scorsese na De Niro. Ukitoka kwenye misiba hiyo, mtu anayesubiri mlangoni na kalamu mkononi huwezi kumtazama kwa raha. Wewe na wao mliogopa kitu kimoja. Nje ya Marekani ilipokewa vizuri zaidi: filamu hii ndiyo iliyofungua tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1983, na mwandishi wake, Paul D. Zimmerman, alipata tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA, kwa kazi hii.

Tuje kwenye hukumu. Rupert anapata dakika zake hewani. Anasimama mbele ya watu na kueleza utoto wake: wazazi walevi, vipigo vya shuleni, mama aliyekufa miaka tisa iliyopita. Ukumbi unacheka. Anawaambia waziwazi kwamba amefika pale kwa kumteka Jerry, wanacheka zaidi. Ni yale yale ya nyumbani kwake, ameyageuza utani, na mama wa kwenye utani amekufa huku sisi tumemsikia akifoka. Kisha tunaambiwa amefungwa, ametoka mapema, kitabu chake kinauzwa, na sasa anarudi jukwaani kwenye kipindi chake.

Hoja yako ina nguvu, mama. Scorsese hakuweka uzio kati ya ndoto na kweli. Hakuna ukungu wala muziki wa kutuonya, Rupert anaota chakula cha mchana na Jerry kwa mwanga uleule wa mchana wa kawaida. Kwa hiyo una haki ya kushuku lolote.

Ila ninampa mwanao. Zirudie zile ndoto. Kwenye mgahawa, Jerry anamsihi amshikie kipindi. Ofisini, Jerry anaisifu kaseti. Kwenye harusi ya Rupert na Rita, Jerry yupo. Rupert haoti kuwa maarufu tu, anaota kupendwa na Jerry, na kwenye ndoto hizo anazungumza. Kwenye mwisho ule Jerry hayupo kabisa. Na Rupert, aliyezungumza filamu nzima, amesimama na suti yake nyekundu, mshereheshaji anataja jina lake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anazidi kulitaja, kila mara amelipatia sawasawa, watu wanapiga makofi, naye hasemi hata neno moja. Angekuwa anaota, Jerry angekuwa kando yake.

Mpe mwanao ushindi wake, lakini mrudishe kwenye dakika ile ya kimya muitazame tena pamoja, kisha mniandikie.

SWALI: Dada, nimesikia Joker ya 2019 imeiga filamu hiyo. Ni kweli? Na yule mama wa kwenye simu ya barabarani, mbona anamlaani Jerry vile? — Kijana wa Area C, Dodoma

JIBU: Deni lipo na halikufichwa. Kwenye Joker, De Niro yuleyule sasa ndiye mtangazaji, amekaa kwenye kiti ambacho Rupert alikililia. Mimi naipenda zaidi ile ya zamani kwa sababu moja: Rupert hakasiriki. Mtu mwenye hasira unamkimbia, lakini anayekuja na shati lililopigwa pasi unamkaribisha aketi.

Kuhusu mama yule: Jerry Lewis alisimulia kwamba jambo kama lile lilimtokea mwenyewe, na Scorsese akamwachia aliongoze tukio hilo. Mama yuko kwenye simu, anamwona Jerry, anamsifu, anaomba saini, anapata. Halafu anamwomba azungumze kidogo na ndugu yake aliye kwenye laini. Jerry anakataa kwa upole, ana haraka. Palepale mama anamwombea saratani. Na saini aliyoiomba alikuwa ameshapewa.