Ukiitwa kupigia filamu muziki, mwimbaji abaki nyumbani

Vijana wa bendi na wa kwaya hapa Tabora wamekuwa wakiniuliza jambo moja kwa namna tofauti: kuna jamaa anatengeneza filamu, anataka tumpigie muziki, tuanzie wapi? Siku hizi filamu yenyewe mara nyingi ni ya mambo yajayo: mashine zinazofikiri, sayari isiyo na maji, Tabora ya mwaka 2100 inayoletewa mvua kwa mabehewa. Hiyo ya mwisho sitanii. Ni filamu fupi ya vijana wa hapa hapa, niliifanyia kazi, na nitaitolea mifano. Ninayemwandikia ni mtu anayejua chombo chake vizuri lakini hajawahi kupigia picha.

Kinachowashinda wengi si ufundi. Ni kukubali kwamba filamu ina mwimbaji wake tayari: yule anayezungumza, na asipozungumza, uso wake. Mji huu umelelewa na bendi. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, wote ni wa hapa, na masikio yetu yamezoea mpangilio ule wa gitaa la solo kuita, mwimbaji kupokea, kisha wimbo unachemka watu wanainuka. Ukumbini ndivyo inavyotakiwa. Kwenye filamu, muziki ukichemka mtazamaji anamwacha mhusika na kukusikiliza wewe, na mwongozaji hakukuita kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa mtu ni kutafuta muziki wa Dune, filamu ya David Lynch ya 1984 kuhusu sayari ya jangwa, na kuusikiliza bila picha. Ulitungwa na Toto, bendi ya rock ya Los Angeles. Ndio wale wa wimbo “Africa” wa 1982, ule unaoisogeza Kilimanjaro hadi juu ya Serengeti. Walikuwa wapigaji wa kukodiwa studio kabla hawajawa bendi. Mikono yao imo hata kwenye albamu ya Thriller ya Michael Jackson. Mwaka 1983 albamu yao ya Toto IV ilichukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Hawa hawakuwa watu wa kuombaomba kazi. Wangeweza kabisa kujaza filamu nzima kwa nyimbo za redioni.

Hawakufanya hivyo. Hakuna wimbo hata mmoja wa kuimbwa na mwimbaji wa bendi. Badala yake walipeleka kazi Vienna, ikapigwa na Vienna Symphony pamoja na kwaya ya Volksoper, jumba la opera la huko huko. Waliosimama mbele ya okestra ni Marty Paich na Allyn Ferguson, wazee waliokuwa wamekula chumvi nyingi katika kupangia vyombo muziki. Marty ni baba mzazi wa David Paich, mpiga kinanda wa Toto. Mtoto ana Grammy, lakini okestra anamwachia mzee anayeijua. Gitaa la umeme la Steve Lukather, mpiga gitaa wao, lipo, tena unalitambua mara moja kwenye “Desert Theme”, lakini linakuja pale jangwa linapohitaji ukali, kisha linaondoka. Na kipande kimoja, “Prophecy Theme”, si chao kabisa: ni cha Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, akishirikiana na Daniel Lanois na Roger Eno. Kimeachwa humo humo katikati ya kazi yao, na kimekaa vizuri.

Filamu ilipotoka Desemba 1984 ilisemwa vibaya. Muziki wake bado unasikilizwa. Mimi binafsi naona sehemu chache zimejazwa mno, nyuzi, ngoma, kwaya, vinanda vya umeme, vyote kwa pamoja, lakini huo ni ulevi wa mtu aliyekabidhiwa okestra nzima, na tunausamehe.

Kuna njia nyingine, na ni haki uijue. Miaka minne kabla, Queen, bendi ya rock ya Uingereza, walitengeneza muziki wa filamu ya Flash Gordon, wakabaki kuwa Queen: jina la shujaa linapigiwa kelele, gitaa la Brian May wao liko mbele, na sehemu za okestra akaandika Howard Blake. Inafaa kwa sababu filamu yenyewe ni ya mzaha na rangi kali. Kama filamu uliyopewa inajicheka, pita huko. Lakini usianze kwa kuamua bendi yenu inapenda nini. Itazame filamu kwanza, pasipo muziki wowote, ukiwa na daftari, na jambo la kwanza kuandika ni mahali ambapo muziki usiwepo. Kwenye ile ya mabehewa, mama anafungua koki ya behewa na halitoki tone. Mwongozaji alitaka nyuzi za huzuni hapo. Tulimwonyesha mara moja zikiwepo, mara moja zisiwepo, akaziondoa mwenyewe. Sauti ya koki kavu ilitosha.

Dhamira kuu ya muziki iwe fupi. Noti nne au tano ambazo mtu anaweza kuzipiga mluzi akirudi nyumbani. Nyimbo zetu zina melodia ndefu kwa sababu zinabeba maneno. Melodia ndefu chini ya mazungumzo hukatwa katikati kila mhariri anapopunguza tukio. Noti nne unaweza kuzipunguza mwendo, kuzigeuza, kuwapa besi, kumpa mtoto azivumishe. Na gitaa lenye mkwaruzo mkali liangalie sana: linakaa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, palepale panapofanya konsonanti za mtu zisikike. Mhusika akisema “tanki” na gitaa linalia, mtazamaji atasikia kitu kingine.

Hesabu kidogo, haikwepeki. Kwa tempo ya 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, baa ya mapigo manne inachukua sekunde 2.5 kamili, kwa hiyo baa 24 ni dakika moja. Lango la behewa likifungwa kwenye sekunde ya 40 tangu muziki uanze, huo ni mwisho wa baa ya 16, safi. Ukichagua tempo ya 100 kwa sababu tu mkono umeizoea, lango litakukuta katikati ya baa ya 17 na utaanza kukatakata. Tafuta tempo kutoka kwenye picha. Usianze hesabu hii kabla mhariri hajakuhakikishia kwamba hatakata tena, na muulize anatumia fremu 24 au 25 kwa sekunde. Jambo jingine: sauti ya video hufanywa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na wengi tuliotoka kwenye nyimbo tumezoea 44,100. Faili la 44,100 likisomwa kama la 48,000, muziki unakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusutoni moja na nusu hivi. Besi wako wanasikika kama vijana wa kidato cha kwanza.

Sasa, okestra ya Vienna hatuna. Tuna kwaya, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu, maana sijui kwa nini watu wanahangaika na sauti za kompyuta wakati kila parokia na kila usharika una watu thelathini wanaosoma solfa.

Anza kwa mwalimu wa kwaya, usianze kwa waimbaji. Nenda kabla ya mazoezi, shikamoo yako mkononi, mweleze ni filamu ya aina gani. Atakuuliza, “Maneno yako wapi?” Mwambie, “Mwalimu, hayana maneno.” Atanyamaza kidogo. Andika solfa yako kwa mistari minne kama alivyozoea, na juu yake uandike tu “mm” au “aa”. Waanze midomo imefungwa, wafungue polepole ndani ya mapigo manane, wapumue kwa zamu ili sauti isikatike. Ukitaka ule ubaridi wa sayari tupu, wape sauti ya kwanza mi na sauti ya pili re, noti jirani kabisa, wazishikilie bila kutetereka. Watacheka mwanzoni na kugeuka kuangaliana, kila mmoja akidhani mwenzake kapotea. Waache wacheke, warudie. Zikishatulia utasikia hewa ikitikisika kati ya noti mbili, na hakuna kinanda kitakachokupa kitu hicho. Teno wakae kimya hadi uwahitaji. Teno wa Tabora wakipewa nafasi hawaachi.

Kurekodi kanisani kuna mambo yake. Jua likishuka bati linapoa na kulia, ta, ta, ta, kwa muda, ngojea limalize. Feni zizimwe. Viti vya plastiki viondolewe, wasimame, kwa sababu kiti kikilia kwenye “mm” ya kunong'ona hutakifuta. Mama mwenye bangili azivue. Maikrofoni iwe juu kidogo ya vichwa, hatua chache mbele ya mstari wa kwanza, isisogezwe kumfuata mwenye sauti nzuri. Wakishaimba vizuri, wabadilishane nafasi na waimbe tena ile ile. Ukiziweka rekodi hizo mbili pamoja, watu thelathini wanakuwa umati. Kabla hamjaondoka, rekodi chumba kikiwa kimya kwa nusu dakika hivi. Ukimya huo utauhitaji kuzibia matundu kwenye sauti.

Nyuzi za kibodi zitumie, lakini nyuma ya sauti za watu. Sikio likikuta kitu kimoja cha kweli mbele, linavumilia cha bandia kilicho nyuma yake. Kosa la wapiga kinanda wa kwaya ni kubonyeza kodi nzima kwa mikono miwili kisha kuiita okestra. Fidla halisi haishuki chini ya G iliyo chini ya C ya katikati; kibodi itakuruhusu ushuke hadi kuzimu, na ndipo uongo unapojulikana. Cheza kila mstari peke yake, mmoja mmoja, na vyombo vya kupuliza vipe mahali pa kupumua. Ukikwama katika kupanga, mtafute mzee. Hapa mjini wapo waliopanga muziki wa tarumbeta na saksafoni kwenye bendi, na wengi wao hakuna anayewabishia hodi.

Kuhusu fedha sitazunguka. Andikianeni kabla ya noti ya kwanza, hata kama mwongozaji ni rafiki yako wa darasa moja. Karatasi iseme kama unauza muziki wenyewe au unamruhusu kuutumia ndani ya filamu hiyo peke yake, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakutambua wewe mtunzi, lakini ukishasaini kuuza, umeuza. Kwaya nayo iandikwe. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kama utalipwa kwa sehemu, sehemu ya kwanza ije kabla ya kurekodi, kwa sababu nauli za wanakwaya na soda zao hazingoji filamu itoke.

Mwongozaji mpe mafaili yaliyotenganishwa: kwaya peke yake, nyuzi peke yake, gitaa peke yake, yote yakianza sekunde ile ile. Atakushukuru siku ya kuchanganya.

Na kabla ya siku hiyo, filamu ipeleke kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea video. Hedifoni zako zinakudanganya: ile besi ya chini uliyoifurahia usiku haitakuwepo, kwa sababu spika ndogo haiwezi kuitoa. Irudie noti ile ile oktava moja juu, kwa sauti ndogo, hapo sikio litaiona. Mwombe mwenye kibanda aache sauti pale anapoiweka kila siku, hata kama jenereta liko mlangoni, kaa viti vya nyuma, usitazame picha, sikiliza maneno tu. Neno la mhusika likipotea, andika dakika na sekunde, ukirudi ushushe muziki hapo. Usimwombe mwongozaji apandishe maneno.